Sanduku la Santuri: Barua za Brazili

Mwezi uliopita msomaji mmoja aliniuliza nilikuwa nasikiliza muziki gani nilipoishi Pemba ya Msumbiji, nikamjibu kwa mstari mmoja kwamba nilikuwa nasikiliza santuri iitwayo Funk Brasil. Mstari ule umeniletea barua za kila namna, nyingine za kushukuru, nyingine za kunikaripia. Basi leo sanduku lote naliachia Brazili, isipokuwa barua mbili: ya mwisho ya vijana wa Tandale, na moja ya ukungu, kwa sababu masika yameingia na najua santuri zenu zimekaa wapi.

*Shikamoo Mama Santuri. Mimi ni DJ wa vigodoro huku Mbagala. Washkaji wananitumia biti za funk ya Brazili kwenye simu, nikiziunga na singeli watu wanapagawa. Lakini mzee wangu akisikia neno funk anasema funk ni James Brown, hizi zangu ni kelele. Nani mkweli? Na hiyo Funk Brasil ni kitu gani hasa?*
*DJ wa Mbagala*

Marahaba mwanangu. Mpe mzee heshima yake kwanza, maana habari yote inaanzia kwa huyo huyo James Brown wake.

Mwaka 1970, pale Canecão, ukumbi mkubwa wa mtaa wa Botafogo mjini Rio de Janeiro, mtangazaji wa redio aliyejulikana kama Big Boy na DJ Ademir Lemos walianzisha dansi la Jumapili wakaliita Baile da Pesada. Walipiga soul na funk ya Wamarekani weusi, na vijana wapatao elfu tano walikuwa wakifurika kutoka kila pembe ya jiji. Baadaye wenye ukumbi wakataka kuupa hadhi nyingine, ya waimbaji wakubwa wa Kibrazili, dansi likakosa mahali. Likahamia kwenye vilabu vya michezo vya Zona Norte, upande wa kaskazini wanakoishi wafanyakazi, wengi wao weusi. Huko yakazaliwa makundi yenye vyombo vyao wenyewe: Soul Grand Prix, Black Power, Furacão 2000. Hizo hazikuwa bendi. Walikuwa watu wenye spika zilizopangwa hadi darini, taa, na masanduku ya santuri ambazo mwingine hana, wakihama na mitambo yao kilabu hadi kilabu. Wewe unayebeba spika kutoka Mbagala kwenda Kongowe, hao ni wenzako wa kazi.

Mwaka 1976 Soul Grand Prix walitoa santuri ya mkusanyiko yenye jina lao, nyimbo zile zile zilizokuwa zikijaza dansi zao. Mwaka huo huo gazeti la Jornal do Brasil likaandika makala ndefu juu ya vijana hawa na kuwaita Black Rio. Kumbuka Brazili ilikuwa chini ya wanajeshi, kuanzia 1964 hadi 1985. Vijana weusi waliofuga afro, wakakusanyika kwa maelfu bila kuitwa na mtu wa chama wala wa kanisa, walifuatwafuatwa na polisi wa siasa. Kwa hiyo mzee wako anapomtaja James Brown anataja kitu ambacho Rio nao walikithamini hivyo hivyo.

Kilichotokea baada ya hapo ni kwamba dansi lilibaki, jina la funk likabaki, muziki ukabadilika. Mwaka 1982 Afrika Bambaataa wa New York alitoa Planet Rock, ngoma zake zikitoka kwenye mashine ya Roland TR-808. Kisha likaja wimbi la Miami: mwendo wa kasi, besi ya kutikisa mabati, maneno machache. Ma-DJ wa Rio waliupenda huu kuliko chochote kilichotangulia. Santuri zililetwa kwa ndege kutoka Miami na New York, mara nyingi kupitia watu wanaosafiri kwa kazi, na DJ akishaipata alikwangua karatasi ya katikati ili mpinzani asisome jina la msanii.

Msomi mmoja, Hermano Vianna, alizunguka kwenye madansi hayo akaandika kitabu mwaka 1988. Alikadiria kwamba kila mwisho wa wiki vijana wapatao milioni moja walikuwa wakicheza funk Rio na viunga vyake. Milioni moja! Na magazeti makubwa yalikuwa hayana habari nao. Nyimbo karibu zote zilikuwa za Kiingereza, lugha ambayo wachezaji wengi hawakuielewa, basi wakawa wanapachika maneno yao ya Kireno juu ya sauti walizosikia. Run-DMC, kundi la rap la New York, wakiimba *You talk too much*, ukumbi mzima unajibu *taca tomate*, yaani tupa nyanya.

Vianna huyo ndiye aliyempa DJ Marlboro mashine ya ngoma. Marlboro alikuwa kijana mwenye sikio na mwenye haraka, akaanza kutengeneza midundo mwenyewe na kuwaita watu waimbe kwa lugha yao. Mwaka 1989 kampuni ya Polydor ikaitoa kazi hiyo, na hiyo ndiyo Funk Brasil. Ni santuri ya mkusanyiko, waimbaji mbalimbali, karibu wote hawajawahi kurekodi. Ademir Lemos yule wa 1970 naye yumo, anachana. Wimbo uliovuma zaidi, Melô da Mulher Feia wa Abdullah, umekaa juu ya mdundo wa 2 Live Crew wa Miami na unamsema mwanamke kwamba ana sura mbaya. Siupendi wimbo huo na sitausifu. Lakini nausikiliza kwa sababu ndani yake nasikia ukumbi uliozoea kupiga kelele za nyanya sasa umepewa maiki.

Mimi niliisikia ndani ya chapa, ndivyo Msumbiji wanavyoita daladala, nikitoka soko la Pemba na mzigo wa kanga. Kaseti ilikuwa imenakiliwa mara nyingi hadi sauti ya juu imekufa, imebaki besi na maneno. Kireno changu kilikuwa cha sokoni, cha kuhesabu pesa na kusalimiana, lakini nilielewa kwamba hawa watu wanaongea na jirani zao. Nilimwomba kondakta anirekodie, akanitoza bei ya kanga nzima, nikalipa.

Sasa mzee wako na wewe. Mwekee santuri ya James Brown, halafu Planet Rock, halafu Funk Brasil, halafu hizo za kwenye simu yako, kwa mpangilio huo, jioni moja mkiwa mmekaa. Usimweleze kitu. Akifika ya nne na bado anasema ni kelele, hiyo ni haki yake, lakini atakuwa amesikia njia nzima.

*Mama Santuri, nakuheshimu, ila umepotosha. Rap ya Brazili ni São Paulo, Racionais MC's na wenzao. Rio ni kucheza tu. Mbona unaitukuza Rio?*
*Mwalimu wa historia, Iringa*

Mwalimu, São Paulo naipenda sana, na nashukuru umenipa nafasi ya kuizungumzia. Ila hilo la "kucheza tu" nalikataa. Watu wanaofanya kazi wiki nzima kwa mshahara mdogo kisha wakajenga mahali pao pa kucheza, bila msaada wa mtu, wamefanya kazi kubwa.

Tazama miaka. Mwaka 1988 São Paulo ilitoa santuri ya Hip-Hop Cultura de Rua, chini ya lebo ya Eldorado. Humo ndimo walimosikika Thaíde na DJ Hum. Wengi wa vijana hao walikuwa wakikutana kituo cha treni ya chini ya ardhi cha São Bento, katikati ya jiji, wakicheza brekidansi kwenye sakafu ya kituo. Karibu na wakati huo huo ikatoka Consciência Black, juzuu ya kwanza, chini ya Zimbabwe Records. Jina hilo la Zimbabwe halikuokotwa. Lebo hiyo ilikuwa ya kundi la wapiga dansi weusi, waliochukua jina la nchi ya Afrika. Kwenye santuri hiyo ndipo Racionais MC's waliposikika mara ya kwanza. Wimbo wao Pânico na Zona Sul ulieleza mauaji ya wale waliojiita walinzi wa haki katika mitaa ya kusini ya jiji, watu waliokuwa wakiua vijana maskini huku wengine wakiwapigia makofi. Mwaka 1989 Rio ikatoa Funk Brasil.

Kwa hiyo ndani ya muda mfupi sana miji miwili ilizaa santuri tatu, na zote tatu ni za mkusanyiko. Hapo ndipo ningependa wanafunzi wako wasimame. Hakuna kampuni ambayo ingempa kijana mmoja wa mitaa ya maskini, wa Capão Redondo ya São Paulo au Cidade de Deus ya Rio, santuri nzima peke yake. Hawakumwamini, na yeye mwenyewe alikuwa na nyimbo mbili tu mkononi. Santuri ya mkusanyiko ilifanya kazi ya upatu: kila mmoja analeta kidogo alichonacho, na wote wanapata kitu ambacho hakuna angekipata peke yake. Racionais waliingia na nyimbo mbili. Mwaka 1997 walitoa Sobrevivendo no Inferno, na miaka ishirini na kitu baadaye Chuo Kikuu cha Campinas kikaiweka albamu hiyo katika orodha ya kazi za kusomwa na wanaofanya mtihani wa kujiunga. Anayedharau mikusanyiko angetuambia Racionais wangeingilia mlango gani mwingine.

Tofauti ya miji hiyo ipo, na ni kubwa. São Paulo walipunguza mwendo wakaongeza maneno. Rio waliongeza mwendo wakaacha maneno yawe mafupi, ya kuitikiwa. Lakini chanzo ni kimoja, madansi ya soul ya watu weusi ya miaka ya 1970, na ukiwaondoa wa Rio kwenye somo lako utakuwa umefundisha nusu.

*Habari za kazi, Mama. Nimesikiliza hizo nyimbo ulizozitaja. Kumbe mdundo ni wa Wamarekani, wao wameweka maneno tu. Huo si wizi?*
*Msomaji, Muscat*

Salama, ndugu yangu. Mdundo mmoja uliotumika Rio kwa miaka mingi unaitwa Volt Mix, na ulitoka kwa DJ Battery Brain wa Los Angeles, 1988. Ukisikiliza nyimbo za Rio za miaka ya 1990, nyingi zimekaa juu yake. Hakuna aliyeficha. Ulikuwa uwanja wa wote, kila mtu anakuja kuchezea mpira wake hapo hapo, na wasikilizaji walipima nani ameutumia vizuri.

Hata kwetu ilianza hivyo. Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua Ice Ice Baby ya Vanilla Ice akaweka Kiswahili, na vijana wa Dar es Salaam wakajua kwamba lugha yao inachanika. Sijasikia Mtanzania anayemwita mwizi.

Rio hawakubaki hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja mdundo wanaouita tamborzão, ngoma zake zikiwa na sauti ya atabaque, zile ngoma ndefu za mkono zinazopigwa kwenye ibada za candomblé, dini waliyoijenga watu waliotolewa Afrika utumwani. Ukausikia huo huwezi kusema ni wa Miami. Wewe uliyeko Muscat, ambako najua ngoma za Waswahili bado zinapigwa harusini, utaushika haraka kuliko wengi.

Wizi upo mahali pengine. Deize Tigrona wa Cidade de Deus alikuwa akifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu na kuimba usiku. Wimbo wake Injeção umejengwa juu ya tarumbeta za ile filamu ya ngumi ya Rocky. Mwaka 2005 M.I.A. wa London, akiwa na prodyuza Diplo, akachukua wimbo huo wa Deize akajengea Bucky Done Gun, nao ukazunguka dunia. Unaona mnyororo: Hollywood, Rio, London. Swali langu katika kila pete ya mnyororo ni moja, jina la nani limeandikwa na pesa imefika kwa nani. Wakubwa hulindwa na mawakili. Dada wa Cidade de Deus hulindwa na nani? Nikisikia mtu anamwita kijana wa mtaani mwizi kwa sababu ya mdundo wa sekunde nne, huwa namuuliza kama ameshawahi kuuliza pesa imefika kwa nani.

*Mama mwenzangu, pole na majukumu. Mwanangu wa kidato cha tatu anapiga hizo funk usiku kucha. Jirani aliyewahi kuishi Maputo ameniambia maneno yake ni ya bunduki na uchafu. Nimwachie au nimkataze?*
*Mama wa watoto wanne, Tanga*

Ahsante mama mwenzangu. Jirani yako amesema kweli, lakini hajasema yote, na mimi nitakujibu kama mzazi.

Zipo funk chafu. Zipo zinazoitwa proibidão, nyimbo zilizokatazwa, zinazosifia magenge ya mitaa ya mabanda, na hizo hazipigwi redioni. Mwanao akiwa nazo, muulize maana yake mstari kwa mstari. Akiwa hajui, atafute. Mtoto anayejua anachoimba anaacha mwenyewe nusu ya nyimbo zake.

Sasa upande ambao jirani hakuutaja. Mwezi Oktoba 1992 kulitokea vurugu kwenye ufukwe wa Arpoador, Rio. Makundi ya vijana wa mitaa mbalimbali yalikimbizana mchangani, watu wa kawaida wakakimbia, televisheni ikaonyesha tena na tena. Magazeti yaliyokuwa hayajui funk kuwa ipo ghafla yakaijua, na tangu siku hiyo kijana mweusi wa mabandani anayependa funk akawa mhalifu kabla hajafanya kitu. Madansi ya kwenye vilabu yakafungwa, yakapanda vilimani kwenye mitaa ya mabanda, na huko mwenye silaha ndiye mwenye uwanja. Hapo ndipo bunduki zilipoingia kwa wingi kwenye maneno. Waliofukuza dansi mjini ndio waliolipeleka kwa wenye bunduki, na hilo nalisema bila kumung'unya.

Na ni katika miaka hiyo hiyo, 1995, Cidinho na Doca wa Cidade de Deus waliimba Rap da Felicidade. Wanachoomba kwenye wimbo huo ni kuishi kwa raha na kutembea kwa amani katika mtaa waliozaliwa, na maskini awe na fahari ya mahali pake. Ningependa mwanao aanze na huo. Wenzao MC Júnior na MC Leonardo, ndugu wawili wa Rocinha, waliimba Rap das Armas, wakiorodhesha majina ya silaha wanazoziona mtaani kwao huku wakiomba amani. Toleo jingine la wimbo huo, lenye sifa za vita, ndilo lililovuma duniani kupitia filamu ya 2007, na wengi wanawahukumu ndugu hao kwa maneno ambayo si yao.

Serikali ya jimbo la Rio ilitunga sheria mwaka 2000: dansi la funk lisifanyike bila kibali cha maandishi cha polisi, polisi wawepo mwanzo hadi mwisho, mlangoni kuwe na mitambo ya kugundua chuma. Kilabu gani cha mtaani kingeweza gharama hizo? Leonardo na wenzake wakaunda chama chao, APAFunk, wakaenda bungeni, na Septemba 2009 ikapitishwa sheria namba 5543 inayoitambua funk kuwa harakati ya kitamaduni. Mwimbaji aliyekuwa akiandikwa kama mhalifu ndiye aliyesimama kudai sheria.

Kwa hiyo usimkatazie jina la muziki mzima. Mkatazie kupiga usiku kucha, hilo uko sahihi kabisa, majirani wanalala. Na ukipata wasaa sikiliza naye akina Deize Tigrona na Tati Quebra Barraco, kwa sauti ya chini, watoto wadogo wakiwa nje, maana maneno ni makali. Wanawake hao walichoka kuimbwa vibaya na wanaume wakashika maiki na kuwajibu kwa lugha ile ile. Mimi nikiwasikia nakumbuka nyimbo za unyago za kwetu kusini, ambazo pia haziimbwi mbele ya kila mtu.

*Nina pesa ya santuri moja tu. Ninunue Funk Brasil au ile ya Wajerumani ya 2004?*
*Mkusanyaji, Nakuru*

Unasema Rio Baile Funk: Favela Booty Beats, iliyokusanywa na Daniel Haaksman chini ya Essay Recordings. Ni santuri nzuri, imepangwa na mtu anayejua kuchezesha ukumbi, na kwa watu wengi wa Ulaya ilikuwa mara ya kwanza kusikia haya. Lakini ni Rio kama mgeni alivyotaka kuisikia: wimbo mkali baada ya wimbo mkali. Nyimbo za polepole za majonzi na mapenzi ambazo wenyewe Rio walizipenda sana humo huzisikii. Kama unataka kuchezesha watu Jumamosi, nunua hiyo ya 2004. Kama unataka kuelewa, tafuta ya 1989 na uvumilie sauti yake nyembamba. Mimi ningechukua ya 1989.

*Shikamoo bibi. Santuri za marehemu babu zimeota ukungu mweupe. Nizifute na nini?*
*Mjukuu, Lindi*

Marahaba mjukuu wangu. Kwanza zitenganishe. Zile nyepesi zinazopindika kidogo ni za plastiki. Zile nzito, ngumu, zinazovunjika kama sahani, za spidi ya 78, ni za gome, yaani shellac. Za plastiki nunua maji safi ya kuongezea betri ya gari, yale yasiyo na asidi kabisa, soma chupa vizuri. Tia tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, chovya kitambaa laini kisicho na nyuzi, futa kufuata mzunguko wa mistari, usikate katikati. Suuza kwa maji hayo hayo yasiyo na sabuni. Karatasi ya katikati isilowe. Anika kivulini zikiwa zimesimama. Za gome usizitie spiriti hata kidogo, itayeyusha uso wake na sauti ya babu itakuwa imekwenda. Majalada yenye ukungu tenga mbali, mifuko ya ndani ya karatasi itupe ununue mipya. Na usirudishe sanduku sakafuni. Lindi na Mtwara sakafu inapumua maji mwezi mzima.

*Mama, sisi ni vijana saba wa Tandale, tunachana na kufanya singeli. Tunataka kutoa mkusanyiko wetu wenyewe. Tuanzie wapi tusije tukagombana?*
*Kundi la Tandale*

Barua yenu imenifurahisha kuliko zote, na nitawajibu kwa ukali kidogo kwa sababu nawatakia mema.

Mtaanza na karatasi. Kabla hamjarekodi hata sekunde moja, andikeni kila wimbo una nani ndani: aliyetunga maneno, aliyetengeneza biti, aliyeimba kiitikio, mwenye studio. Andikeni na mgawo wa kila mmoja kwa asilimia, kila mtu asaini, kila mtu abaki na nakala. Mtaniambia ninyi ni marafiki. Ndiyo maana mnaandika sasa, mkiwa bado marafiki. Kisha mkasajili kazi zenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kila mtunzi kwa jina lake, si kwa jina la mwenye kompyuta peke yake.

Pili, majina. Nimeshika mikononi mwangu mikusanyiko mingi ya Kiafrika na ya Kibrazili ambayo jina la mkusanyaji limeandikwa kwa herufi kubwa mbele, na wapigaji hawatajwi hata nyuma. Ninyi muweke majina yote saba mbele, na nyuma muweke mtaa, studio na mwaka. Mtu atakayeishika miaka thelathini ijayo asihitaji kuuliza.

Tatu, msichague nyimbo zinazofanana. Mmeona mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes wa Kampala walivyotoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Mburahati. Ule umewafungulia vijana wa Dar es Salaam milango ya matamasha ya Ulaya, na nafurahi kwa ajili yao. Lakini yale mambo ya kasi kupita kiasi yameshasemwa. Ninyi mna nini ambacho ni cha Tandale peke yake? Yule mmoja wenu anayechana polepole, mliyemtaja kama tatizo kwenye barua yenu, mwekeni wimbo wa tatu upande wa kwanza, baada ya mbili za kasi. Msikilizaji atakuwa ameshachoka na atamsikia kila neno.

Msiuze haki za santuri nzima kwa mtu atakayekuja na pesa taslimu na haraka. Akitaka kuitoa nje, mpeni ruhusa ya miaka michache, kwa maandishi, na nyimbo zibaki zenu. Mkishapata rasimu ya mkataba wowote nileteeni kabla ya kusaini. Nina wakili hapa Mtwara anayependa muziki, atausoma bure.